Mwiba, mchanga na jua: Maadui watatu wa baiskeli ya Garissa

BAISKELI ni chombo kisicho na makuu. Haili majani kama punda wala hainywi mafuta kama pikipiki. Ukiipa upepo kidogo, tone la mafuta na mtu mwenye nguvu za miguu, itakupeleka sokoni, shuleni na msikitini na kukurudisha nyumbani bila kukudai nauli. Kwa nini basi baiskeli nyingi zinazopelekwa Garissa zikiwa mpya huishia kuegemezwa ukutani kabla ya muhula kwisha, magurudumu yamelala na cheni imeshika kutu?

Huenda swali hili linakuhusu, msomaji, hata kama wewe unaishi Nairobi, Thika au Mombasa. Labda una jamaa huko Garissa, Wajir au Mandera. Labda kijana wako amepata nafasi Chuo Kikuu cha Garissa, au dada yako ni mwalimu huko na mwanawe anatembea mwendo mrefu kila asubuhi kwenda shule. Ukaona heri ununue baiskeli, uipakie kwenye basi pale Eastleigh, na mzigo ufike salama. Juma la kwanza kila mtu anashangilia. Juma la tatu unapigiwa simu kwamba gurudumu halishiki upepo. Mwezi wa pili hakuna anayeitaja baiskeli tena, na mtoto amerudi kutembea kwa miguu.

Ukiitazama Garissa kwenye ramani, utadhani ni pepo ya waendeshaji baiskeli. Mji huo uko kando ya Mto Tana, zaidi ya kilomita 350 kutoka Nairobi, na mwinuko wake ni mita 150 hivi tu juu ya usawa wa bahari. Hakuna milima ya kumtoa mtu pumzi kama ya Murang'a au Kisii. Lakini baiskeli ya huko ina maadui watatu ambao ya Nairobi haiwajui sana. Wa kwanza ni mwiba, wa pili ni mchanga na wa tatu ni jua. Hakuna hata mmoja asiyeweza kushindwa, almuradi walio nyumbani wajue la kufanya. Baiskeli haifi kwa uzee. Huuawa na pancha moja iliyopuuzwa na cheni iliyosahauliwa.

ADUI WA KWANZA: MWIBA

Miiba ya migunga imekuwako Kaskazini Mashariki tangu zama za mababu. Tena kuna mbigiri, kile kidude kidogo chenye ncha nyingi kinachotambaa ardhini, ambacho hata kikiangukaje, ncha moja hutazama juu ikikungoja. Lakini mwiba unaowanyima usingizi wenye baiskeli siku hizi ni wa mathenge.

Mathenge si mti wa asili ya Kenya. Asili yake ni Amerika ya Kusini na ya Kati, na jina lake la kisayansi ni Prosopis juliflora. Mbegu zake ziliingizwa nchini mwaka wa 1973 ili kuotesha miti katika machimbo ya mawe ya Bamburi, Mombasa. Mapema katika miaka ya 1980 ulipandwa pia Baringo, na huko Bura na Hola kando ya Mto Tana, ili kuzuia jangwa na kuwapa watu kuni. Mti ukaipenda nchi kupita kiasi. Mbuzi hula maganda yake matamu na kuzisambaza mbegu kwa kinyesi, na maji ya mto huzibeba hadi mbali. Mwaka wa 2006 wakazi wa Baringo walimpeleka mahakamani mbuzi asiye na meno ili kuonyesha madhara ya maganda hayo, na mwaka wa 2008 serikali ikautangaza rasmi mathenge kuwa gugu haribifu.

Mwiba wa mathenge unaweza kufika urefu wa sentimita 5. Ukikauka huwa mgumu kama msumari. Watu hukata matawi ya mti huo kutengenezea ua au kuchoma makaa, na vipande vinavyodondoka njiani hubaki hapo vikingoja tairi. Tairi la baiskeli ya kawaida halina unene wa kuuzuia mwiba kama huo.

Wafugaji watafurahi kujua kwamba aliyelifanya tairi la upepo kuenea kwenye baiskeli alikuwa daktari wa mifugo. Jina lake ni John Boyd Dunlop, na mnamo 1888 huko Belfast alimtengenezea mwanawe matairi ya mpira yenye hewa ili baiskeli yake ya magurudumu matatu isimtikise. Bwana huyo hakuwa na habari za mathenge.

ZIBA PANCHA MWENYEWE

Mtoto akikuambia, "Hooyo, gurudumu limelala tena," usikimbilie kulaumu tyubu. Kwanza itoe na uitazame, kwani tundu lenyewe husema lilikotoka.

Tundu moja dogo upande wa nje ni la mwiba. Matundu mawili yaliyo sambamba, kama alama ya meno ya nyoka, si ya mwiba hata kidogo. Hayo huja gurudumu linapokuwa na upepo mchache, likapiga jiwe na tyubu ikabanwa na rimu. Na tyubu ikipasuka penye shina la valvu, jua kwamba tairi lisilo na upepo wa kutosha limekuwa likiteleza kwenye rimu na kuivuta valvu kila siku. Kwa hivyo katika matatu hayo, mwiba umefanya kosa moja tu. Mengine mawili ni ya mwenye baiskeli asiyetumia pampu.

Wengi hulitafuta tundu kwa kuitumbukiza tyubu katika karai la maji. Mahali ambapo maji hununuliwa kwa mtungi, si lazima. Jaza tyubu upepo na uipitishe polepole karibu na shavu au mdomo uliolowa, nawe utauhisi upepo ukitoka. Ukishindwa, povu la sabuni kwenye kikombe kimoja litatosha.

Ukishalipata tundu, fuata hatua hizi bila haraka:

Kwanza, kwaruza mahali hapo kwa msasa mpaka mng'ao wa mpira uondoke. Pangusa vumbi lote.

Pili, paka gundi ya mpira, ile mafundi waiitayo solusheni, iwe nyembamba na ipite ukubwa wa kiraka.

Tatu, ngoja. Hapa ndipo wengi hukosea. Gundi hiyo haishiki ikiwa mbichi. Iache dakika 5 hivi mpaka ukigusa pembeni isinate kidoleni, ndipo ubandike kiraka na kukikandamiza kwa nguvu.

Nne, kabla ya kuirudisha tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi pande zote. Tumia kitambaa badala ya kidole, maana mwiba uliosababisha yote hayo huenda bado umo. Kitambaa kitanasa, kidole kitatoka damu. Anayeruka hatua hii hupata pancha ya pili kabla hajafika kona.

Kinga nayo ni bora kuliko tiba. Iko njia ya kale ya mafundi wa jua kali isiyohitaji fedha nyingi. Chukua tairi kuukuu lililolika na kuwa jembamba, ukate kingo zake mbili zenye waya, kisha ulilaze ndani ya tairi zima ili liwe ngao kati ya mwiba na tyubu. Chonga ncha zake ziwe nyembamba zisiikate tyubu, na unyunyize poda kidogo ili mpira usisuguane na mpira. Gurudumu litakuwa zito kidogo, lakini heri uzito kuliko kusukuma baiskeli kilomita 5 jua la utosi. Wenye uwezo wanaweza kununua tyubu nene, au kutia ndani ya tyubu ute maalumu unaoziba matundu madogo wenyewe.

ADUI WA PILI: MCHANGA

Mwiba hukuangusha mara moja, nawe unajua. Mchanga huila baiskeli kimyakimya.

Tabia iliyoenea ni kuimwagia cheni oili chafu iliyotolewa kwenye injini ya gari, kwa imani kwamba mafuta mengi ni afya. La hasha! Katika nchi ya vumbi, oili hiyo hushika mchanga na kugeuka msasa. Kila unapopiga pedali unaisaga cheni yako na meno yake. Njia iliyo sawa ni kuisugua cheni kwa kitambaa kikavu au mswaki wa zamani, kutia tone moja la mafuta mepesi katika kila kiungo, kuizungusha mara kadhaa, kisha kuyapangusa mafuta yote yaliyobaki nje. Cheni nzuri ni ile iliyolowa ndani na kukauka nje.

Mwanafunzi anaweza kuipima cheni kwa rula yake ya shule yenye inchi 12. Weka sifuri kwenye pini moja ya cheni iliyokazwa. Kutoka pini hadi pini ni nusu inchi, kwa hivyo pini ya 25 inapaswa kuangukia inchi ya 12 kamili. Ikiwa imepita kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, nunua cheni mpya sasa. Ukingoja mpaka ipite kwa sehemu moja ya 8, cheni hiyo itakuwa imeshayala meno ya mbele na ya nyuma, nawe utanunua vitu vitatu badala ya kimoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mchanga pia huingia kwenye gololi, zile chembe za chuma zinazolifanya gurudumu lizunguke kwa wepesi. Mara moja kila mwezi inua gurudumu, ulishike juu na ulitikise kushoto na kulia. Likicheza, limelegea. Kisha lizungushe polepole. Ukisikia mkwaruzo kama wa kusaga nafaka, mchanga umeingia. Lifungue au mpelekee fundi, gololi zioshwe kwa mafuta ya taa, zikaushwe na kupakwa grisi mpya. Kazi ya grisi ni kulainisha na pia kuuzuia mchanga mlangoni.

Jihadhari pia na maji. Garissa ni nchi kavu, lakini Tana haina simile ikifurika. Novemba 2023, na tena Aprili na Mei 2024, barabara ya kati ya Garissa na Madogo ilifunikwa na maji. Anayeipitisha baiskeli kwenye maji yanayofika katikati ya gurudumu ajue kwamba tope limeingia kwenye gololi za magurudumu na za pedali. Asiposafisha na kutia grisi upya, kutu itamaliza kazi. Kwa sababu hiyo hiyo, usioshe baiskeli kwa kuilenga bomba la maji penye gololi. Brashi na kitambaa vinatosha.

ADUI WA TATU: JUA

Wengi husema kwamba jua la Garissa hupasua tairi kwa sababu upepo hupanuka. Kuna ukweli hapo, lakini si wote. Tairi likijazwa paundi 50 alfajiri, wakati joto ni nyuzi 25, halafu likaachwa juani mpaka hewa ya ndani ifike nyuzi 55, litaongeza paundi 6 au 7 hivi. Tairi zima linastahimili hayo bila shida. Yasiyostahimili ni kiraka kilichobandikwa kwa haraka, maana gundi hulainika, na mpira mkuukuu uliokwisha kupasuka nyufa ubavuni kwa kuchomwa na jua miaka nenda miaka rudi.

Dawa yake ni kivuli. Egemeza baiskeli upande wa ukuta usiopigwa na jua, au ifunike kwa gunia. Soma namba ya upepo iliyoandikwa ubavuni mwa tairi na usiipite. Ikiwa yako ni ile nyeusi ya kizamani, yaani Black Mamba, huenda valvu yake ina kijimpira chembamba ndani. Joto hukilainisha kikanata na kupitisha upepo. Baiskeli ikilala kila usiku nawe huoni tundu popote, angalia hapo kwanza kabla ya kununua tyubu mpya.

Jua halimchagui chuma peke yake. Mwendeshaji naye aondoke mapema asubuhi au alasiri jua likipoa, afunike kichwa na abebe maji. Kiu ikikushika njiani umekwisha chelewa kunywa.

NJIANI

Kiti kiwe na urefu unaofaa. Kaa juu yake, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu ukinyooka bila nyonga kuinama upande, kiti kimekaa sawa. Kiti cha chini mno huumiza magoti, na wengi hudhani baiskeli ni nzito kumbe wamekikalia vibaya.

Ukifika penye mchanga mwingi, usishike breki ya mbele wala usikate kona ghafla. Sogeza uzito wako nyuma, legeza mikono na uendelee kupiga pedali kwa mwendo ule ule. Mchanga ukikushinda, shuka usukume. Si aibu.

Mavazi nayo yaangaliwe. Kanzu, kikoi, dera na ncha ya hijabu vinaweza kunaswa na cheni au spoki na kumwangusha mtu vibaya. Kwa binti au mama, tafuta baiskeli isiyo na bomba la juu, yenye kifuniko kizima cha cheni na wavu kwenye gurudumu la nyuma. Anaweza kuipanda kwa stara yake yote. Wavu huo pia humlinda mtoto anayebebwa nyuma, kwani mguu wa mtoto ukiingia kwenye spoki ni jeraha baya. Usiku, taa nyeupe iwe mbele na nyekundu nyuma. Lori la Wajir halitakuona kwa huruma.

KABLA YA KUNUNUA

Sasa turudi kwako wewe uliye Nairobi na fedha mkononi. Usivutwe na rangi, wala na springi za bei rahisi zinazolegea upesi. Gia nyingi zenye vigurudumu vidogo vya kuning'inia nyuma huhitaji usafi wa kila siku penye mchanga. Black Mamba ina uzito wa kilo 20 hivi na haina mbwembwe, lakini fundi yeyote anaijua. Ipo pia aina ya Buffalo ya shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka wa 2005 baada ya tsunami ya Bahari Hindi. Ilibuniwa kwa njia za mashambani, na keria yake hubeba hadi kilo 100.

Kabla hujaituma, soma namba za tairi. Huu ndio mtego unaowanasa wengi. Matairi mawili yanaweza kuandikwa "26" yote na bado yasiingiliane. Lililoandikwa 26 x 1.95 hukaa kwenye rimu ya milimita 559, na lile la 26 x 1⅜ hukaa kwenye rimu ya milimita 590. La Black Mamba, 28 x 1½, ni 635. Ziandike namba hizo kwenye karatasi na uzitume pamoja na baiskeli, ili siku ya kununua tairi jingine asipoteze fedha. Katika kifurushi hicho tia pia tyubu ya akiba, viraka, gundi, msasa, spana inayotosha nati za magurudumu na pampu. Kutuma baiskeli bila pampu ni kama kumtuma mtu kisimani bila kamba.

Tangu mwaka wa 2008, serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki zisizozidi cc 250, bodaboda za injini zimejaa kila mji, na wengi wameiona baiskeli kuwa chombo cha waliokosa. Lakini pikipiki hudai mafuta kila siku, na mwanafunzi hana mshahara. Baiskeli inayotunzwa humwondolea mzazi nauli ya asubuhi na ya jioni, na mtoto hafiki darasani akiwa amechoka kwa kutembea. Tena haijui ukubwa wala udogo. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1985 na kushinda mashindano ya Tour de France mwaka wa 2013, 2015, 2016 na 2017, alianza akiwa kijana kwa kufundishwa na David Kinjah wa Kikuyu. Vijana wa Kinjah, katika kikundi cha Safari Simbaz, hufundishwa kutengeneza baiskeli sawa na wanavyofundishwa kuiendesha.

Anza hapo, msomaji. Chagua siku moja katika juma, jioni jua likishuka, iwe siku ya baiskeli nyumbani. Mwache mtoto afungue gurudumu mwenyewe, atafute mwiba, abandike kiraka na kuipima cheni kwa rula yake. Nusu saa inatosha. Akikosea leo, juma lijalo atapatia, na siku pancha itakapompata njiani mbali na fundi, atajua la kufanya na atafika shule. Kitunze kidumu, ndivyo walivyotuusia wazee.